Bia ya Saigon Kwenye Barabara ya Jogoo

Burma

Soko la Burma liko kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na uwanja wa City, ambao siku hizi umepewa jina la Joe Kadenge. Anayeshuka hapo kwenye matatu hana haja ya kuuliza njia, maana moshi wa nyama humwongoza. Ijumaa saa sita mchana mabucha yamejaa, mbavu zimening'inia kwenye kulabu, na wachomaji wanageuza vipande juu ya makaa huku wakijibizana na wateja. "Mbavu ama mguu, mkubwa?" Ukishachagua, nyama inapimwa mbele yako, inapelekwa motoni, na baada ya muda inarudi juu ya ubao wa mti uliokatwakatwa na visu mpaka umeingia bonde katikati. Pembeni kuna kilima kidogo cha chumvi, ugali unaofuka, na kachumbari yenye pilipili isiyosamehe.

Jina la soko lililetwa na askari. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokusanya vijana wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka bonde la Kabaw huko Burma ikipambana na Wajapani, malaria na tope la mvua za monsuni, ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Waliorudi salama waliukuta mji wa Nairobi bado ukiwapangia pa kulala na cha kunywa. Hadi miaka hiyo ya 1940, sheria ya Kenya haikumruhusu Mwafrika kununua bia ya chupa ya Kizungu. Mtu aliyebeba bunduki ya Mfalme hadi Asia hakuwa na ruhusa ya kubeba Tusker hadi chumbani kwake Shauri Moyo.

Mkobani mwangu siku hiyo kulikuwa na mikebe ya bia iliyotoka pembe hiyohiyo ya Asia: 333, bia ya Saigon, mji ambao sasa unaitwa Ho Chi Minh. Nililetewa na jamaa aliyekuwa huko kikazi, na nikaona haitanoga kuinywa peke yangu nyumbani. Niliipeleka Eastlands, kwenye mitaa ya mashariki mwa Nairobi ambayo kwa miaka mia moja imeamuliwa na wengine inywe nini, ili nisikie wenyewe wanasema nini juu ya bia ya watu wengine. Naamini hakuna watu Nairobi wanaoijua bia kuwashinda wao.

Lakini Burma sikufungua mkebe. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inazitaka baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana mwisho wa wiki. Saa sita mchana kinywaji cha Burma ni supu ya mifupa, moto wa kuunguza ulimi, na hiyo inatosha kabisa.

Pumwani

Kutoka Burma hadi Majengo ya Pumwani ni mwendo wa miguu, ukikata pembeni mwa Gikomba na marobota yake ya mitumba. Nyumba za zamani zilizobaki bado zina umbo la Kiswahili: kuta za udongo na fito, mabati yaliyokula kutu, ukumbi wa katikati na vyumba huku na huku. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliupima mtaa huu uwe mahali pa Waafrika kuishi mjini. Watu wa pwani, Wamanyema, Wanubi na wanawake wengi waliokuja peke yao kutafuta riziki walijenga hapa, na Msikiti wa Riyadha bado unaita swala juu ya mapaa yao.

Hapa ndipo manispaa ilipoingia kwenye biashara ya pombe. Ilifungua kilabu chake cha pombe ya Kiafrika Pumwani miaka hiyohiyo ya 1920, ikajipa haki ya kuwa muuzaji wa pekee, na faida ikaiweka kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Kwa maneno mengine, mfanyakazi alijilipia huduma zake kwa kunywa. Mwanamke aliyepika pombe chumbani kwake, kwa mtama na moto wake mwenyewe, akawa mhalifu. Alikamatwa, akatozwa faini, akarudi kupika ili apate ya kulipia faini. Mwanahistoria Luise White ameandika kwa kina habari za wanawake wa Pumwani katika kitabu chake cha mwaka 1990, na msomaji huona wazi kwamba kuta za mtaa huu zilijengwa kwa fedha zao zaidi kuliko za serikali yoyote.

Alasiri barazani palikuwa na kahawa chungu ya tangawizi, viazi karai na ukwaju. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kazi ya mkono alipokea shikamoo yangu, akasikiliza habari ya bia ya Vietnam, akatabasamu. "Hiyo peleka Buruburu, mwanangu. Hapa tumalizie kahawa." Tukaimaliza, na akanimiminia kikombe kingine.

Kaloleni

Jumamosi asubuhi miti ya Kaloleni ina ubaridi wa kijijini. Nyumba ni za mawe, fupi, zimepangwa kwa duara kuzunguka viwanja vya nyasi. Mtaa ulijengwa miaka ya 1940, na wakazi wanasimulia kazi ya mateka wa Kiitaliano katika kuta zake. Katikati uko ukumbi wa jamii, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 kina Tom Mboya na Oginga Odinga walihutubia umati mpaka watu wakauita bunge la Waafrika. Siku ile vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya ndondi pembeni, na sauti ya glavu ilisikika hadi barabarani.

Udongo wa huku ni mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kwenye viatu mvua ikinyesha. Wazungu walijichukulia udongo mwekundu wa magharibi, wenye vilima na maji yanayoondoka, na Waafrika wakapewa tambarare ya mashariki. Ukipita Makadara, Jericho na Jerusalem kwa miguu, unaiona ramani hiyo chini ya nyayo zako.

Buruburu

Buruburu ni kizazi kingine. Ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, kwa ajili ya Wakenya waliokuwa wakipata mishahara yao ya kwanza ya maana: walimu, makarani, wauguzi. Nyumba zilikuwa na paa la vigae, ua na geti dogo. Sasa nyingi zimeongezewa ghorofa, vyumba vya kupangisha na vibanda vya duka ukutani. Matatu za namba 58 bado zinapita na michoro yao na muziki unaotikisa vioo.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa awamu ya pili. Alialika majirani wawili: mzee aliyekuwa mhudumu wa kaunta katika baa za Barabara ya Jogoo maisha yake yote ya kazi, na dereva aliyepeleka malori hadi Moyale na kuvuka kwenda Ethiopia. Mama mwenye nyumba aliweka mezani njugu karanga, mayai ya kuchemsha na kachumbari, na kijana wao akatumwa barabarani kununua mutura, soseji ya kienyeji ya kuchoma. Muuzaji aliikata palepale juu ya ubao, vipande vinene, vyeusi kwa nje na vyekundu ndani, akavinyunyizia chumvi na pilipili ya unga.

"Mwalimu, hii ni bia ama ni soda?" mhudumu aliuliza, akiugeuzageuza mkebe mwekundu kwa vidole. Mililita 330 si kitu kwa mtu aliyezoea chupa ya nusu lita. Lakini kilevi chake ni asilimia 5.3, ilhali Tusker ina 4.2, na alipoelezwa hivyo aliuweka mkebe chini kwa heshima.

Tulianza na wa baridi. Mhudumu ndiye aliyemimina, akiinamisha glasi, kisha akaisimamisha mwishoni ili povu lipande. Lilipanda jeupe, likakaa kidogo, likashuka upesi na kuacha utepe mwembamba ukutani mwa glasi. Rangi ilikuwa ya majani makavu, nyepesi kuliko ya Tusker iliyokuwa pembeni kwa kulinganisha. Harufu ilikuwa ya nafaka tamu, na nyuma yake kidogo sana maua ya hopsi. Mdomoni ilipita upesi. Uchungu ulikuwa mdogo, gesi nyingi, na utamu ulibaki kwenye ncha ya ulimi kwa muda mfupi kisha ukatoweka.

"Ni mchele," mwalimu alisema, na hakukosea. Bia nyingi za Asia huongezewa mchele juu ya kimea cha shayiri. Mchele una wanga mwingi na ladha kidogo, kwa hiyo sukari yake huliwa na hamira ikageuka kilevi na gesi bila kuacha uzito. Ndiyo sababu bia ya namna hiyo ni kali kidogo kwa kilevi na bado ni nyepesi kinywani. Tusker inategemea shayiri ya Kenya, ile ya Narok, Mau Narok, Timau na Moiben, na ukiinywa baada ya 333 unauhisi mwili wake na uchungu unaokaa kooni.

Halafu likaja swali la Eastlands: moto ama baridi? Baa yoyote ya mtaani hukuuliza hivyo, na moto maana yake ni chupa iliyokaa kaunta bila kuonja friji. Wazee wengi hawataki nyingine. Wanasema baridi inaficha bia mbaya. Mhudumu alikuwa ametenga mikebe kadhaa nje ya friji tangu asubuhi kwa ajili hiyo, na hapo ndipo 333 ilipojulikana. Ikiwa moto, utamu wake ulikuja mbele na haukuwa na uchungu wa kuuzuia. Ilianza kuwa na ladha ya uji wa mchele uliotiwa sukari. Dereva alisukuma glasi yake kando. Mhudumu aliendelea kuinywa polepole, akitafuta kitu, kisha akasema, "Hii ilipikwa na mtu anayejua itanyweka baridi. Si kosa lake. Huko kwao kuna joto, si ndiyo?"

Ndiyo. Saigon ni mji wa joto na unyevu mwaka mzima, na wanywaji wa huko hutia vipande vya barafu ndani ya glasi ya bia. Nilipolitaja hilo, mwalimu aliingia jikoni na kurudi na barafu. Mezani palikuwa na mashaka makubwa. Barafu ikateremka, povu likafura, na baada ya dakika moja bia ikawa nyepesi zaidi, safi, ya kukata kiu. Pamoja na mutura, mafuta na pilipili, ilifaa kuliko nilivyotarajia. Mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ameonja kidogo tu hadi hapo, alisema hiyo ndiyo anayoitaka na akamimina iliyobaki kwenye glasi yake.

Kisha dereva akaleta habari iliyostahili kusubiriwa. Katika safari zake Ethiopia alizoea bia ya St. George, na alizikumbuka herufi za BGI kwenye lebo. Kampuni hiyo ina ukoo mmoja na mkebe uliokuwa mezani. Mfaransa Victor Larue alianza kiwanda cha barafu na bia Saigon mwaka 1875, na biashara hiyo ikakua ikawa Brasseries et Glacières de l'Indochine. Ndiyo iliyopika bia ya 33, iliyoitwa hivyo kwa chupa yake ya sentilita 33, na ambayo askari wa Kimarekani waliinywa sana wakati wa vita vya Vietnam. Vita vilipokwisha mwaka 1975 na kiwanda kuchukuliwa na serikali mpya, bia ikaongezewa tatu moja ikawa 333. Wafaransa nao walikuwa tayari wameigeukia Afrika. Bia ya 33 Export inapikwa Afrika ya Kati mpaka leo, na kampuni ya Castel iliinunua BGI mwaka 1990, ikaichukua St. George mwaka 1998.

"Kumbe nimekuwa nikinywa ndugu yake," dereva alisema, na akaivuta glasi yake tena.

Kayole

Jumapili njia ilipita Umoja, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Kimarekani na ambayo sasa ni ghorofa juu ya ghorofa, nguo zikianikwa kila roshani. Mbele yake Kayole, watu wakitoka kanisani na viti vya plastiki vikipangwa nje ya baa.

Hapa mkebe wowote ulioagizwa kutoka nje ni kitu cha mbali. Kinywaji ni keg, bia ya pipa iitwayo Senator. Ilitolewa mwaka 2004 na kampuni inayopika Tusker, yenye kiwanda Ruaraka, katika mapipa ya chuma, kwa msamaha wa ushuru ambao serikali iliutoa kwa sababu nzito: mwezi Novemba 2000 pombe haramu iitwayo kumi kumi, iliyotiwa methanoli, iliua watu zaidi ya mia moja katika vitongoji vya mashariki mwa Nairobi, na wengine wakapofuka. Bia safi ya bei ya chini ilikuwa dawa. Watu waliipokea, na Barack Obama alipokuwa seneta kule Marekani wakaanza kuiagiza kwa kusema tu "Obama." Kisha mwaka 2013 msamaha ukapunguzwa, bei ikaruka, mauzo yakaporomoka, na wakulima wa mtama waliokuwa wakiilimia wakabaki na magunia. Mwaka 2015 msamaha ukaongezwa tena.

Hanoi ina kitu kinachofanana sana na hiki. Wanakiita bia hơi, bia nyepesi inayotolewa kwenye pipa siku hiyohiyo iliyofika, na watu huinywa kando ya barabara wakiwa wamekaa kwenye vigoda vya plastiki, njugu mkononi. Nikiitazama Kayole saa nane na nusu mchana, jagi zikijazwa na mazungumzo ya mpira yakipamba moto, naona mtu wa Hanoi angekaa hapa bila kuelekezwa. Na ninaona kwamba keg inastahili kuandikwa kwa heshima kama bia yoyote ya hoteli. Imewaokoa watu ambao vinginevyo wangekunywa sumu.

Kariobangi

Kariobangi mama mmoja alikuwa akikaanga unga wa mahindi uliochachushwa juu ya bati pana, akiugeuza kwa koleo. Donge baada ya donge lilikuwa likivunjika na kuwa kahawia, moshi ukipanda na harufu ya ukoko. Baada ya hapo huingia majini pamoja na kimea cha wimbi, hukaa siku chache, huchujwa, na kuwa busaa: nzito, chachu, ya rangi ya udongo. Aliniuliza mkobani mna nini. Nilimwonyesha mkebe wa 333.

"Mchele mnaunywa?" aliuliza. "Kwani huko hawana mahindi?"

Mchele ni chakula cha wageni na sikukuu katika nyumba nyingi za Eastlands, na sehemu ya huo unaouzwa dukani hutoka Vietnam yenyewe, bei yake ikiwa chini ya ile ya mchele wa pishori wa Mwea. Alionja kijiko kimoja cha bia, akafikiri, akasema imekaa vizuri lakini haishibishi. Kwake kinywaji kisichoshibisha hakijakamilika, na katika mtaa ambao bakuli la busaa limekuwa chakula cha mchana cha wafanyakazi wengi, hiyo ni hukumu ya haki.

Ruaraka

Barabara ya Outer Ring inapanda kutoka Kariobangi hadi Barabara ya Thika, na kabla ya kufika juu harufu ya kimea kinachochemshwa inakupokea. Kenya Breweries, yenye kiwanda hapa, ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker kwa ajili ya mnyama huyo. Karibu na kiwanda uko uwanja wa timu ya Tusker, iliyoanza mwaka 1969 kwa jina la kiwanda chenyewe.

Bia za nje zimewahi kujaribu kushindana na kiwanda hiki. Kampuni ya Afrika Kusini ilifungua kiwanda cha bia ya Castle mjini Thika mwaka 1998, na mwaka 2002 ikakifunga na kuondoka. Katika baa iliyo ng'ambo ya barabara, wapakiaji wa kreti waliokuwa wamemaliza zamu waliikumbuka Castle vizuri, na mmoja alisema ilikuwa bia nzuri.

Mkebe wa mwisho wa 333 ulipita mikono mingi hapo, baada ya mwenye baa kuridhia. Walioonja waliisifu ladha: nyepesi, safi, ya kunywa mchana na nyama. Kisha mmoja, ambaye kazi yake ya kila siku ni kupokea chupa tupu zinazorudi kutoka mitaani, aliukunja mkebe mtupu kwa kiganja. "Hii mwenye duka atarudishiwa nini?" aliuliza. Chupa ya Tusker ina rehani yake. Hurudi Ruaraka kwa kreti, huoshwa, hujazwa tena, na katika kila hatua kuna mtu anayepata chochote. Wenzake walikubaliana naye, wakaanza kupiga hesabu ya bei ambayo mkebe huo ungefika nayo Kayole baada ya ushuru, na hawakuona njia.